Sifuri tano mwishoni: kisa cha orodha ya kikundi na lahajedwali

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa mjini Morogoro kiliomba mkopo wa pamoja katika taasisi moja ya fedha. Masharti ya awali yalikuwa mepesi. Katibu ajaze orodha ya wanachama kwenye lahajedwali, yaani programu ya majedwali kwenye kompyuta: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu. Faili lihifadhiwe kwa muundo wa CSV, yaani maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato, lipakiwe kwenye mfumo wa taasisi, mfumo uhakiki, mkopo uendelee. Orodha ikapakiwa, ikakataliwa. Ikarekebishwa, ikakataliwa tena. Hadi inanifikia mimi ilikuwa imeshapita kwa katibu, kwa mwanawe, kwa kijana wa steshenari na kwa ofisa mikopo, na kila aliyeigusa alikuwa ameitengeneza kidogo na kuiharibu kidogo.

Katibu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilipomwamkia hakunipa hata nafasi ya kuuliza. "Marahaba mwanangu. Wananiambia eti nimekosea kunakili namba za watu. Za watu wote! Nimejaza rejista za shule maisha yangu yote, leo nishindwe kunakili kitambulisho?" Akaweka mezani daftari la kaunta alilokuwa ameandikia wanachama kwa mkono, jina moja mstari mmoja. Tuliita wanachama wawili watatu waliokuwa jirani, tukalinganisha namba zao na daftari. Daftari lilikuwa sahihi. Kwenye faili, watu walewale walikuwa na namba nyingine.

Majibu ya mfumo yalikuwa ya aina tatu. Karibu wanachama wote waliandikiwa kwamba taarifa zao hazikupatikana. Mapacha wawili, waliozaliwa siku moja na kuandikishwa pamoja, waliandikiwa kwamba namba yao imejirudia, na ofisa mikopo akampigia mmoja wao kumuuliza kwa nini anatumia kitambulisho cha mwenzake. Na mzee mmoja, peke yake katika orodha nzima, aliambiwa namba yake ina alama isiyoruhusiwa. Nilianza na huyu mzee, maana mstari unaokataliwa tofauti na mingine ndio huwa na la kusema.

Namba ya mzee ilikuwa na nafasi katikati. Katibu alipokuwa akiichapa alibofya kitufe cha nafasi bila kujua. Nilipoilinganisha na daftari, ukiacha ile nafasi, ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho. Ndiyo pekee iliyokuwa sahihi. Zile nyingine zote, ambazo mfumo ulikuwa umezipokea kwa furaha kwa kuwa zina tarakimu 20 kamili, ziliishia kwa sifuri tano.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tunaijua sote. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, wengi wamekuwa nayo kwenye simu hata kabla ya kuishika kadi yenyewe. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na kwa kawaida huandikwa kwa makundi yaliyotengwa kwa vistari. Tuchukue namba ya kubuni: 19900101-12345-67890-12. Ukiichapa hivyo ilivyo, na vistari vyake, lahajedwali inaona maandishi na inayaacha kama yalivyo. Ukiichapa bila vistari, 19900101123456789012, inaona kiasi. Inaona kitu kinachoweza kujumlishwa na kugawanywa. Basi inakihifadhi kama inavyohifadhi viasi vyote: inashika tarakimu 15 za mwanzo, na tano za mwisho inazigeuza kuwa sifuri. Ndani ya seli, kile kisanduku kimoja cha jedwali, sasa kuna 19900101123456700000. Juu ya kioo inaonyesha 1.99001E+19, ufupisho wa kihesabu wa namba kubwa.

Inafanya hivyo mara tu unapobonyeza kitufe cha kuingiza. Haiulizi. Hailii. Haibadilishi rangi ya seli. Tarakimu zilizochapwa hazipo tena mahali popote kwenye faili.

Sitaji programu iliyokuwa kwenye kompyuta ya katibu, kwa sababu programu kubwa za aina hii zinafanana kwa tabia hii, na chanzo chake kiko chini zaidi ya programu yoyote moja. Kompyuta nyingi huhifadhi namba kwa kiwango kiitwacho IEEE 754, kilichopitishwa mwaka 1985. Kila namba inapewa biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1, na tarakimu zenyewe hubebwa kwa usahihi wa biti 53. Biti 53 zinaweza kuhesabu moja moja, bila kuruka, hadi 9,007,199,254,740,992. Ongeza moja juu ya hapo na namba inayofuata haina mahali pa kukaa. Mashine inakupa jirani yake. Kwa kuwa namba hiyo ina tarakimu 16, na si namba zote za tarakimu 16 zinazoingia salama, lahajedwali imechora mstari wake kwenye 15. Kwa fedha, kwa uzito wa mahindi, kwa umbali wa kutoka hapa hadi mwezini, tarakimu 15 ni nyingi mno. Kwa kitambulisho, tarakimu moja ikipotea mtu amegeuka mtu mwingine.

Sasa twende kwa yule kijana wa steshenari, kwa sababu yeye ndiye aliyelifanya tatizo lisionekane, na alifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Katibu alimpelekea faili akilalamika kwamba namba za vitambulisho zimekuwa "vitu vyenye herufi E". Kijana akachagua safu nzima, akabadilisha mwonekano kuwa namba kamili, akaondoa desimali. Herufi E ikapotea. Tarakimu 20 zikajipanga vizuri kwenye kila mstari. Katibu akahesabu: ishirini. Akalipia, akashukuru, akaenda zake. Nani anasoma mkia wa namba ndefu? Tunasoma mwanzo, tunaona mwaka wetu wa kuzaliwa, tunaridhika. Zile 1.99001E+19 zilikuwa mbaya kwa macho lakini zilikuwa zinatangaza kwamba kuna jambo. Baada ya matengenezo, faili lilikuwa na sura nzuri na uongo uleule.

Na mapacha? Namba zao zilitofautiana kwenye tarakimu za mwisho tu. Zilipokatwa, zikawa moja.

Hapa ndipo nilipoiomba fomu ya maelekezo ya taasisi, na humo nikakuta sentensi iliyoanzisha yote: namba ya kitambulisho iandikwe bila vistari wala nafasi. Naielewa sentensi hiyo. Nimeandika programu muda wa kutosha kujua inatoka wapi. Mtengenezaji wa mfumo alitaka tarakimu 20 tupu zije kwenye hifadhidata yake, na badala ya kuandika mstari mmoja wa msimbo wa kuondoa vistari, akampa kazi hiyo mwalimu mstaafu wa Morogoro. Lakini vile vistari ndivyo vilivyokuwa kinga. Vingeachwa, lahajedwali isingethubutu kuigusa namba. Maelekezo yaliyotungwa ili data ije safi ndiyo yaliyoifuta.

Safu ya simu ilikuwa na msiba wake tofauti kidogo. Mwanzoni katibu aliandika 0712 na kuendelea, kama watu wote tunavyoandika. Sifuri ya mbele ikatoweka, kwa kuwa kihesabu haina thamani. Hilo aliliona mwenyewe. Mwanawe akamshauri aandike kwa 255, na fomu nayo ilitaka hivyo. Tuseme 255712345678: tarakimu 12, chini ya 15, kwa hiyo ndani ya seli ilikuwa nzima. Ila lahajedwali ikizidi tarakimu 11 kwenye seli ya kawaida huanza kufupisha mwonekano, ikawa 2.55712E+11. Bado hakuna kilichopotea. Kilipotea wakati wa kuhifadhi kwa CSV, kwa sababu faili la CSV huandikiwa kile kinachoonekana, si kile kilichomo ndani. Kijana wa steshenari alikuwa ametengeneza safu ya vitambulisho tu. Faili likafungwa, kesho yake likafunguliwa, na kila mwenye laini inayoanza na 0712 akajikuta na moja ya namba mbili tu: 255712000000 au 255713000000.

Kwa tarehe za kuzaliwa sitawachosha. Kompyuta ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi mbele ya siku. Katibu akiandika 05/03/1971 akimaanisha tarehe 5 Machi, mashine ilisoma Mei 3. Akiandika 25/03/1971, mashine ilishindwa kupata mwezi wa 25, ikayaacha kama maandishi. Matokeo yake ni safu ambayo waliozaliwa kuanzia tarehe 13 wako sawa, na wa tarehe 1 hadi 12 wamepinduliwa, isipokuwa wale ambao siku na mwezi wao ni namba moja. Bahati moja tu: tarakimu nane za mwanzo za NIDA hubeba tarehe hiyohiyo, na hizo zilisalimika, kwa hiyo waliopinduliwa tuliwapata wote.

Ukimsimulia mtu kisa hiki, swali la kwanza ni: kwa nini programu hizi zikisie? Jibu la kweli ni kwamba kukisia ndiko kulikozifanya zipendwe. Lahajedwali ya kwanza kushika soko, VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, ilitoka mwaka 1979 kwa ajili ya watu wa hesabu. Mtu anayechapa 4500 kwenye kitabu cha mapato hataki kuulizwa kama ni fedha au ni jina. Kwake, tarakimu ni kiasi, basi. Kukisia huko kuliokoa muda wa mamilioni ya wahasibu, na sina ugomvi nako. Ila chombo kilichotengenezwa kwa hesabu kimegeuka daftari la kila kitu: orodha za wanafunzi, majina ya waumini, namba za mita za umeme, vitambulisho vya wakopaji. Watu walihama matumizi, dhana ya ndani ikabaki palepale.

Kubadilisha dhana hiyo si rahisi kama tunavyopenda kusema tukikasirika. Programu za lahajedwali zina kumbukumbu ndefu. Lahajedwali ya Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, ilihesabu mwaka 1900 kuwa mrefu, wenye tarehe 29 Februari, ingawa haukuwa hivyo. Excel, lahajedwali ya Microsoft, ilipokuja ikalirithi kosa hilo kwa makusudi, ili mafaili ya Lotus yafunguke bila tarehe kuhama, na mpaka leo ukiiuliza siku ya 60 katika kalenda yake itakujibu 29 Februari 1900. Siku ambayo haijawahi kuwapo duniani inaishi kwenye kompyuta za ofisi zetu kwa sababu kuiondoa kungevunja mafaili ya watu. Mtu wa programu akikuambia "tutarekebisha toleo lijalo," mkumbushe siku hiyo.

Nilimweleza katibu kwamba hayuko peke yake, na mfano niliompa ulimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Wanasayansi wa jeni wana jeni zilizokuwa zikiitwa MARCH1 na SEPT2. Ukizichapa kwenye Excel zinageuka kuwa tarehe za Machi na Septemba. Onyo la kwanza kwenye jarida la kisayansi lilitoka mwaka 2004. Mwaka 2016 watafiti walipopitia makala zilizoambatanishwa na majedwali ya jeni, walikuta takriban moja ya tano zina majina yaliyoharibika namna hiyo, tena zimeshapita kwa wahariri na wahakiki. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikakubali yaishe: MARCH1 ikaitwa MARCHF1, SEPT2 ikawa SEPTIN2. Wenye jeni walibadilisha majina ya jeni. Swichi za kuzima ubadilishaji huo ziliingizwa kwenye Excel mwaka 2023, na ndani ya swichi hizo mna ya kuzuia kufuta sifuri za mbele na ya kuzuia kukata namba zinazozidi tarakimu 15. "Kumbe hata madaktari wamekoseshwa," akasema mwalimu. Sikumsahihisha kuhusu neno madaktari.

Mimi nina lawama moja, na si kwamba programu ilikisia. Ni kwamba baada ya kukisia ilitupa ushahidi. Ni kama karani anayepokea barua ya kurasa ishirini, akanakili kumi na tano, akachoma asili yake, kisha akagonga muhuri kwamba imepokelewa yote. Kuhifadhi tarakimu 20 alizochapa mtu kunagharimu baiti 20. Programu ingeweza kushika vyote viwili, kile kilichochapwa na kile ilichoelewa, halafu mtu akigundua kosa baada ya mwezi arudi nyuma. Kosa linalorudishika ni usumbufu tu. Lisilorudishika, tena la kimyakimya, ndilo linalomfanya mwalimu aitwe mzembe mbele ya kikundi chake.

Na lawama hiyohiyo naigawa kwa sisi tunaotengeneza mifumo inayopokea mafaili haya. Mfumo wa taasisi ulikagua kitu kimoja: urefu. Tarakimu 20, pita. Safu nzima ya namba zinazoishia kwa sifuri tano haikuushtua. Mtoto wa darasa la nne angeshangaa. Kisha, badala ya kusema kilichotokea, ukasema taarifa hazikupatikana, kwa Kiingereza cha ofisini, na ofisa mikopo akaitafsiri kuwa "umekosea kunakili". Ujumbe mmoja wa Kiswahili unaosema kwamba namba nyingi kwenye faili zinaishia kwa sifuri, huenda lahajedwali imezikata, ungeokoa safari zote za steshenari. Vistari na nafasi mfumo uviondoe wenyewe. Kiolezo kitolewe kikiwa na safu za vitambulisho na simu ambazo tayari zimewekwa kuwa maandishi. Na ndani ya hifadhidata namba hizi zikae kama maandishi vilevile. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: kama hakuna siku utakayojumlisha simu ya Asha na simu ya Juma, usiihifadhi kama kiasi.

Wasiotumia lahajedwali kabisa nao hawajapona. Lugha ya JavaScript inayoendesha kurasa nyingi za intaneti hutumia biti zilezile 64 kwa namba zake za kawaida. Twitter walipoanza kutoa namba ndefu za utambulisho wa jumbe mwaka 2010, ilibidi kila namba waitoe mara mbili, mara moja kama namba na mara moja kama maandishi, kwa sababu vivinjari vilikuwa vinazikosea mwishoni. Wakenya, ambao kitambulisho chao kina tarakimu chache, watasoma haya wakitabasamu. Wasisahau tu sifuri ya 07 na 01 kwenye simu zao.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa ya mikono. Faili halikuwa na cha kuokolewa zaidi ya majina na tarehe. Tulifungua jedwali jipya, tukachagua safu zote, tukaziweka kuwa maandishi kabla ya kuchapa chochote. Mpangilio huo ni muhimu: ukiweka maandishi baada ya kuchapa, unahifadhi namba iliyokwisha kukatwa. Njia nyingine ni kuanza kila namba kwa ritifaa, kile kialama cha kwenye ng'ombe. Lahajedwali inakificha na kuiacha namba kama maandishi. Mwalimu alisoma kutoka kwenye daftari, mimi nikachapa, kisha tukabadilishana kwa kuhakiki. Aliniamuru nisome namba kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na nadhani ni ukaguzi bora kuliko wowote niliowahi kuuandika kwa msimbo.

Baada ya kuhifadhi CSV tulilifungua kwa Notepad, programu ya maandishi matupu, si kwa lahajedwali. Ukibofya faili la CSV mara mbili, lahajedwali inalisoma upya na kukisia upya, na ukihifadhi tena umerudi ulikotoka. Ukilazimika kulifungua humo, tumia njia ya kuingiza data kutoka faili la maandishi, uzitaje safu za namba kuwa maandishi. Faili likapakiwa. Mapacha wakapita wote wawili. Mzee wa nafasi katikati naye akapita.

Taasisi niliiandikia kuhusu ile sentensi ya vistari. Walijibu kwa adabu kwamba maoni yamepokelewa. Mara ya mwisho nilipoiona fomu, sentensi ilikuwa pale pale.

Kama nawe una orodha ya vitambulisho iliyochapwa zamani, panga safu yake na uangalie upande wa kulia. Namba moja kuishia kwa sifuri tano inaweza kuwa sadfa. Safu nzima haiwezi. Kubadilisha mwonekano wa seli hakutazirudisha, wala kumwita fundi hakutasaidia. Tafuta daftari, au waombe wenye vitambulisho waje navyo tena.